Sauti Iliyoteremka Chumbani

Skrubu ya nne ilikuwa imeliwa kichwa. Fundi aliibana kwa koleo nyembamba, akaizungusha polepole mpaka ikakubali kutoka, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa pamoja na zile tatu za mwanzo. Vifaa viwili vya kumsikilizia mtoto vilikuwa mezani mbele yake, vimefunguliwa vyote, nyaya nje.

"Huwa nafungua kimoja, nakifunga, ndipo nafungua kingine," alisema. "Leo nimekiuka."

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza. Alisimama mlangoni kwa sababu karakana ya meli ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na kiti kilikuwa kimoja.

"Ili umalize haraka shida yako na upate nafasi ya kukaa na mimi."

Mwalimu alicheka kwa pumzi tu, bila sauti. Miaka minane iliyopita kicheko hicho ndicho kilichomfanya fundi huyu wa umeme avae suruali ya kuazima na kwenda kumwona baba wa Mwalimu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtu anayelala baharini hana nyumba ya kumwekea mke. Fundi akapanda meli na Mwalimu akaolewa na mwingine. Mume huyo alikuwa mtu mwema, na sasa alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili kaburini.

Safari hii iliandaliwa na kaka wa marehemu, mfanyabiashara wa vyuma vya ujenzi ambaye watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Nondo. Aliwakatia tiketi mama yake, Mwalimu aliyekuwa mjane wa mdogo wake, na mtoto wao wa miaka miwili aliyeitwa Kibonge kwa sababu ya mashavu yake. "Tukapumzike," alisema. Siku ile ile walipopanda, alikusanya pasi zao zote za kusafiria na kuzifungia kwenye begi lake.

Kibonge alilala kila siku baada ya chakula cha mchana, saa nane kamili, chumbani na bibi yake. Lakini Bibi alikuwa na masikio mazito, mtoto angeweza kulia mpaka akauke koo naye asijue. Ndiyo maana Mwalimu alibeba vifaa vile kutoka nyumbani. Siku ya kwanza alichora ramani ya meli kwenye karatasi ya miraba, akatembea na kifaa mkononi akihesabu hatua, akiweka alama ya tiki palipo na sauti na ya mkasi pasipo na sauti. Kuta za chuma zilimeza kila kitu. Karatasi nzima ikajaa mikasi, isipokuwa benchi moja kwenye sitaha, juu kabisa ya chumba chao, na hata hapo sauti ilikuja na mlio kama wa mafuta ya moto kikaangoni. Siku ya pili aliulizia fundi wa umeme. Alipofunguliwa mlango wa karakana, wote wawili walisimama wakitazamana mpaka mtu mmoja akapita nyuma yake akisema, "Samahani, dada, unaziba njia."

Leo ilikuwa siku ya tano.

"Shika hapa," Fundi alisema, akimpa ncha ya waya mpya. Mwalimu alinyoosha mkono. Mkono wa shati ulipanda, na Fundi akaona.

Palikuwa na alama nne za vidole juu ya kiwiko, na ya tano, ya kidole gumba, upande wa pili. Zilikuwa zimeanza kuwa za zambarau.

"Lini?"

"Asubuhi, chini ya meza. Nilisema nimepata barua ya kurudi kufundisha. Mama mkwe alikuwa anapaka mkate siagi, hakuona." Alishusha mkono wa shati. "Nondo alikuwa anatabasamu, Fundi. Ananibana huku anamwuliza mama kama anataka chai."

Fundi alifunga vifaa huku macho yake yakiwa kwenye shati la Mwalimu. Mikono ilichukua kifuniko, ikakibandika, ikakaza skrubu, ikachukua kifuniko cha pili. Mikono ya fundi hufanya kazi hata bila macho, na siku nyingine zote haikuwahi kumwangusha.

"Chenye alama nyekundu ni cha mtoto?" aliuliza.

"Nilikipaka rangi ya kucha mwenyewe, nisichanganye."

"Basi kijaribu ukifika."

Lakini alipofika, Kibonge alikuwa ameshalala kifudifudi, makalio juu, na Bibi akajiwekea kidole mdomoni kabla Mwalimu hajasema lolote. Mwalimu aliweka kifaa chenye alama nyekundu kwenye meza ndogo kati ya vitanda viwili, akakiwasha, akatoka kwa ncha za vidole.

*

Upepo wa mchana ulikuwa wa vuguvugu. Walikaa kwenye benchi wakiwa wameachiana nafasi ya mtu mmoja, maana mfanyakazi wa meli haruhusiwi kukaa na abiria. Fundi alishika bisibisi ili atakayepita adhani yupo kazini. Kifaa kilikuwa kati yao.

"Kimenyamaza kabisa," Mwalimu alisema. "Mlio wa mafuta umeisha."

"Nilikwambia waya ndio ulikuwa mgonjwa."

Fundi aliizungusha bisibisi kiganjani, akasema bila kumtazama, "Keshokutwa asubuhi tunatia nanga. Mkataba wangu unaishia bandari ile. Dada yangu ana nyumba yenye vyumba viwili vya ziada, na shule ipo karibu, nimeshaulizia. Wanatafuta mwalimu wa hesabu."

"Umeulizia lini?"

"Siku ya pili."

"Siku ya pili ulikuwa hujui hata kama nakukumbuka."

"Nilijua. Uliziba njia ya watu."

Mwalimu alikunja vidole mapajani. "Nikishuka na mtoto, Nondo atasema nimemwiba. Ameniambia wazi: nikitaka kuolewa nje ya ukoo, niende, lakini damu ya mdogo wake inabaki kwake."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Sikumjibu. Leo alipokwenda kuogelea aliacha funguo zake kwa mama, nikaingia chumbani kwake nikatoa pasi yangu na ya Kibonge kwenye begi. Yangu ninayo mfukoni; yake ipo chini ya nepi, kwenye boksi." Akashusha sauti. "Simwogopi yeye, Fundi. Au namwogopa, lakini najua namwogopa vipi. Shida yangu ni mama. Mimi ndiye ninayemkata kucha. Mimi ndiye ninayemwambia watu wamesema nini mezani, asionekane mjinga. Nikiondoka, nani atamrudia maneno mara tatu bila kukasirika?"

"Mwambie."

"Nimwambieje? Yule ndiye mwanawe aliyebaki."

Fundi alisogea nusu ya ile nafasi. "Mimi nilikuacha mara moja kwa sababu mzee alisema hapana, na mimi nikaona hapana ya mzee ni kubwa kuliko sisi. Nilikosea. Sitakubeba kwa nguvu. Lakini safari hii sitaondoka kwa adabu."

Mwalimu alitaka kumtazama, akashindwa, akatazama kifaa. Kitaa chake kidogo cha rangi ya machungwa kilikuwa kinawaka. Fundi aliponyamaza, kikazimika.

"Sema tena," Mwalimu alisema.

"Niseme nini?"

Kikawaka.

"Nyamaza."

Kikazimika. Kile cha Mwalimu hakikuwa na kitaa hicho. Kitaa cha machungwa kilikuwa kwenye kifaa cha mtoto, kile kinachosikiliza na kutuma sauti.

"Fundi," alisema polepole, kama anayesahihisha jibu la mwanafunzi ubaoni. "Vifuniko. Umevibadilisha vifuniko."

Fundi alikichukua, akakigeuza. Uso wake ulipauka. Dakika ishirini nzima walikuwa wanazungumza ndani ya chumba cha mtoto.

Hapo chini ya miguu yao kukatokea kishindo. Kisha cha pili. Kilipanda kupitia chuma mpaka kwenye magoti.

*

Mwalimu alifika koridoni akiwa hana viatu. Nondo alisimama mbele ya mlango wao, bado na taulo shingoni, ameng'oa ukutani mtungi mwekundu wa kuzimia moto na ameushika kwa mikono miwili. Fremu ilikuwa imepasuka juu ya kitasa. Mlango uliachia nafasi ya kiganja, ukazuiwa na mnyororo wa ndani. Kibonge alikuwa analia kilio cha kukosa pumzi.

"Mama, fungua."

"Sifungui," sauti ya Bibi ilitoka ndani, ya juu, ya mtu asiyejisikia anavyopaza.

"Fungua, kabla sijakuumiza."

"Umeshaniumiza. Gonga."

Nondo akagonga. Mwalimu aliurukia mkono wake, akaning'inia nao. Hakugeuka hata kumtazama. Alimkung'uta kama mtu anavyokung'uta mchanga, Mwalimu akaenda kugonga ukuta wa pili kwa kichwa, na masikio yake yakajaa mlio mmoja mrefu.

"Boksi la nepi, shemeji," Nondo alisema. Alikuwa anatabasamu kama asubuhi. "Mtoto wa mdogo wangu umemtia kwenye boksi la nepi. Na mama yangu unamsema juu huko kwa mwanamume wa balbu."

"Muache mtoto. Twende tukaongee juu."

"Tumeshaongea. Nimesikia yote, mpaka dada yake ana vyumba vingapi."

Akarudi mlangoni. Mwalimu akamshika mguu, akamng'ata nyuma ya goti kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka akaonja chumvi. Nondo alipiga ukelele, akashusha ngumi bila kulenga, ikampata Mwalimu kwenye shavu. Jino lilihama. Hakuachia. Ngumi ya pili ndiyo iliyomwachisha.

Fundi, aliyebaki nyuma kuwaita walinzi, alitokea kwenye ngazi akikimbia. Nondo aliuzungusha mtungi, Fundi akainua mkono wa kushoto, na mtungi ukaubana mkono ule kwenye fremu ya mlango. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu amekanyaga vijiti. Fundi aliuma midomo, akaingiza kichwa chake chote kwenye uso wa Nondo. Pua ikafumuka. Damu ikaruka ukutani, kwenye taulo, kwenye karatasi ya maelekezo ya dharura iliyobandikwa pale.

"Wewe nani?" Nondo alikoroma kupitia damu. "Wewe ni nani kwake?"

"Niliyechelewa."

Walikwenda mlangoni wote wawili kwa uzito mmoja. Mnyororo ukakatika, fremu ikatoka na skrubu zake, wakaangukia ndani juu ya kitanda cha Bibi na kutoka hapo mpaka sakafuni. Bibi alikuwa ameshampeleka Kibonge bafuni na kufunga, na alikuwa amesimama mbele ya mlango huo wa bafu, mgongo umenyooka, mikono imeshika fremu pande zote mbili.

Nondo alikuwa mzito na alikuwa na mikono miwili mizima. Alikaa juu ya kifua cha Fundi, akampiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mpangilio, kama anayepigilia. Kisha akamshika shingo. Miguu ya Fundi ilipiga teke meza ndogo, kifaa chenye alama nyekundu kikaanguka, na kutoka ndani yake ukaendelea kuvuma upepo wa sitahani, mtulivu, na vicheko vya watu wanaopita.

Mwalimu aliokota mtungi. Alikuwa haoni vizuri kwa jicho moja. Aliuinua, akaushusha kwenye bega la Nondo, na akausikia mfupa. Mikono ikaachia shingo. Nondo akaanguka upande, akajaribu kuinuka kwa mkono usioinuka, akashangaa kuuona umelala tu.

Mwalimu akauinua mtungi tena. Safari hii alilenga kichwa. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye. Alikuwa ametulia, anapima umbali.

"Huyo ndiye aliyebaki," Bibi alisema.

Hakupaza sauti. Labda kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliongea kwa sauti ya kawaida ya watu. Mwalimu alimtazama. Bibi hakuondoa mikono kwenye fremu ya bafu, hakumwomba, hakulia. Alikuwa anamtazama mkwewe, si mwanawe.

Mtungi ulishuka taratibu mpaka sakafuni. Ndipo walinzi wa meli wakaingia.

*

Daktari wa meli alimfunga Fundi mkono na kumwambia vidole vitatu vimevunjika, viwili vitapona vizuri. Alimshona Mwalimu nyusi. Nondo alilazwa zahanati, bega limefungwa, mlinzi nje ya mlango. Ofisa alieleza kwamba nahodha atatoa uamuzi asubuhi. Mpaka hapo, daktari akimruhusu, atarudishwa chumbani kwake. Chumba chake kilikuwa mkabala na chao.

Saa kumi alasiri seremala wa meli alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti, akipaka gundi kwenye ufa na kuubana kwa vibanio. Kibonge alikaa sakafuni akimkabidhi skrubu moja moja na kuzidai tena.

Bibi alikuwa kitandani. Mwalimu aliketi karibu naye, upande wa sikio zuri.

"Ulisikia kuanzia wapi, mama?"

"Mwanzo kabisa. Nilidhani ni mchezo wa redio. Nikasema, huyu mwanamke anaongea vizuri, lakini huyo mwanamume anajivuta sana." Bibi alipangusa magoti yake. "Nikakisogeza sikioni, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kisha nikasikia habari za kucha zangu."

Mwalimu alifunga macho.

"Kosa langu ni hiyo sauti. Ilitoka mpaka koridoni. Nilimwona mwanangu kwenye ule upenyo wa chini ya mlango, kivuli cha miguu yake kimesimama. Nikaenda nikaweka mnyororo."

"Kosa si lako. Vifuniko vilibadilishwa."

"Na nani?"

Fundi, aliyekuwa amesimama koridoni akimshikia seremala ubao kwa mkono mmoja, aliinamisha kichwa. "Ni mimi, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Nilikuwa namwangalia yeye badala ya kazi."

Bibi alimtazama muda mrefu. "Angalau unasema," alisema. Akatia mkono kifuani, ndani ya gauni, akatoa pasi ndogo yenye joto la mwili wake na kumwekea Mwalimu mapajani. "Chini ya nepi. Mwalimu mzima. Hapo ndipo pa kwanza mtu yeyote angetafuta."

Mwalimu aliishika pasi kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka jicho lile lisilovimba, na kwenye lile lililovimba yakachoma tu. "Mama, keshokutwa nikishuka naye..."

"Sikusikii."

"Nimesema, nikishuka..."

"Nimesema sikusikii. Mtoto ni wa mama yake, hilo nimelisema kwa mlango. Mengine sijayasema." Akanyoosha kidole kwa Fundi. "Na wewe usijidanganye. Sijakukubali."

"Sawa, mama. Nirudi lini kuuliza?"

"Mkono ukipungua uvimbe. Sipendi kukataa mtu mgonjwa."

Seremala alicheka, akajifanya anakohoa. Kisha akainuka, akajifuta gundi kwenye suruali. "Basi, mama, kwa leo ni hapa. Gundi haijashika. Nikitia skrubu sasa, ufa utafunguka wote. Kesho saa nne narudi na kitasa. Msiviguse vibanio, na mlango msiusukume, uegesheni tu."

"Kwa hiyo haufungi?" Mwalimu aliuliza.

"Hadi kesho, haufungi."

Mwalimu na Fundi walitazamana. Fundi alisema ataketi koridoni, hata kama watamwandikia barua ya kosa, barua za makosa ameshazizoea.

"Huyo ataketi na vidole vitatu vilivyovunjika," Bibi alisema. "Akalale."

Aliinuka, akakivuta kiti cha chumbani, kile kizito chenye mikono, kikakwaruza sakafu mpaka kizingitini. Mwalimu aliinuka kumsaidia, akasukumwa kwa kiwiko. Bibi alikiweka kiti katikati ya mlango, katikati ya vibanio viwili, mgongo kwa chumba na uso kwa mlango wa mwanawe. Akaketi. Akakunja gauni lake magotini.

"Mama, atakuja ameudhika."

"Nimemzaa mimi," Bibi alisema bila kugeuka. "Akija, atakuja kwangu kwanza. Mlishe mtoto."